Rejeta Juu ya Meza

Mtu anayehariri video za harusi Dar es Salaam huijua Desemba kwa namna yake. Kila Jumamosi kumbi zimejaa, kila Jumatatu kuna mteja anauliza kazi imefikia wapi, na ndugu waliokuja kutoka Muscat au Minnesota wanataka kuondoka na flashi mkononi. Chumba cha kazi mara nyingi ni kile cha nje: bati juu, dirisha moja, jua linakipiga tangu saa tatu asubuhi. Humo ndani ndimo inamochemka kompyuta ya mezani. Feni zake zikishika kasi, mhariri hasikii hata MC anasema nini kwenye spika, na ikifika saa nane mchana mashine yenyewe inaanza kupunguza mwendo ili isijiunguze.

Mpwa wangu anafanya kazi hiyo Kinondoni. Mashine yake aliiunga mwenyewe kwa vifaa vya mtumba: prosesa ya AMD Ryzen 9 5900X yenye koa 12, na kadi ya grafiki ya Nvidia RTX 3080, zote mbili zilizotoka mwaka 2020. Kwa picha za 4K bado ni mashine ya heshima. Tatizo liko kwenye wati. Kadi ile peke yake inaruhusiwa kula wati 320, na prosesa inaweza kufika 142. Zikikazana kwa pamoja, zaidi ya wati 460 zinageuka joto ndani ya kasha moja. Ni karibu nusu ya pasi ya umeme, imewashwa chini ya meza kutwa nzima.

Aliponiambia, "Anko, nataka niipoze kwa maji," nilidhani ananitania. Sisi tumelelewa tukiambiwa maji na umeme havilali chumba kimoja.

Kumbe wakubwa walishalala navyo zamani. IBM ilipitisha maji kwenye System/360 Model 91, kompyuta yake kubwa ya miaka ya 1960. Ilipotangaza mashine ya 3081 mwaka 1980, chipu zake zilifungwa ndani ya visanduku vilivyojaa gesi ya heliamu, kila chipu ikiguswa na pistoni ndogo ya kutoa joto na kulipeleka kwenye sahani yenye maji. Miaka ya 1990 chipu zikabadilika, zikawa hazichemki kama zamani, na mabomba mengi yakaondolewa.

Watu wa majumbani walianza pale wakubwa walipoacha. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, iliyouzwa kuwa ni ya megahetzi 300. Vijana wakagundua kwamba nyingi zinakubali kusukumwa hadi 450. Ukiisukuma inachemka, na maduka ya vifaa vya kuipoza kwa maji hayakuwepo. Marekani walikwenda kwenye magari mabovu wakang'oa rejeta ndogo ya hita ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977, wakanunua pampu za Eheim za Ujerumani zilizotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki, wakachonga kipande cha shaba cha kukalia juu ya prosesa, wakaunga yote kwa mpira. Kampuni zilifuata baadaye. Apple yenyewe mwaka 2004 iliuza Power Mac G5 ya gigahetzi 2.5 iliyopozwa kwa kimiminika, na baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja. Mwaka 2009 ikaja Corsair H50, iliyoundwa na Asetek ya Denmark: pampu, mipira na rejeta vimeshafungwa kiwandani, mnunuzi anakaza skrubu tu. Aina hiyo sasa imejaa hata Kariakoo.

Kwa nini basi asinunue hiyo iliyofungwa, amalize? Swali hilo nilimuuliza, na jibu lake lilikuwa la mtu aliyefanya hesabu. Kifaa cha aina hiyo kwa kawaida kinapoza prosesa tu. Kwake yeye prosesa ni mtoto, mzee wa moto ni kadi. Kuziweka zote mbili kwenye mzunguko mmoja wa maji maana yake ni kuujenga mwenyewe: bloku mbili (vile vipande vya shaba vya kukalia juu ya chipu), pampu, tangi, rejeta, mipira na fitingi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosa, nami nikiwa mmoja wao. Maji hayatengenezi baridi. Yanahamisha joto tu, ila yanalihamisha kwa uwezo wa ajabu: kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzijoto 1 kunahitaji kama jouli 4,200, ilhali lita 1 ya hewa hutosheka na kama jouli 1.2. Kwa ujazo uleule, maji yanabeba mara 3,500 hivi. Lakini mwisho wa safari joto lilelile linakabidhiwa hewa ya chumbani, pale kwenye rejeta. Faida ni kwamba rejeta inaweza kuwa kubwa kuliko chochote unachoweza kukifunga juu ya prosesa, inakaa ukingoni mwa kasha karibu na hewa safi, na feni zake, kwa kuwa zina eneo kubwa la kufanyia kazi, zinazunguka taratibu.

Kinachofuata ni kwamba maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Dar es Salaam mchana wa Januari chumba kisicho na kiyoyozi kiko kwenye nyuzi 32, basi maji yatakuwa juu ya hapo, nyuzi 10 zaidi au zaidi kidogo. Anayesoma maelezo ya mtu wa Helsinki anayejisifia maji ya nyuzi 28 ajue huyo ana hali ya hewa, hana ufundi wa kumzidi. Kuna rafiki aliyemshauri mpwa wangu aupitishe mpira ndani ya friji ndogo ya soda. Bahati nzuri hakumsikiliza. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na kitu chochote cha baridi kikikutana na hewa hiyo kinatoa jasho. Jasho hilo lingedondokea kwenye madabodi. Mzunguko wa kawaida, kwa kuwa maji yake yana uvuguvugu kuliko chumba, hautoi jasho kamwe.

Kwenye kutafuta vifaa tulianzia Gerezani. Nilikuwa na imani kwamba mafundi rejeta wa pale, wanaochomelea rejeta za Corolla na Canter kuanzia asubuhi hadi jioni, wangetupatia kitu. Wanazo, tena nyingi. Lakini karibu zote za magari ya siku hizi ni za aluminiamu, na bloku za kompyuta ni za shaba. Ukiviweka vyuma hivyo viwili kwenye maji yaleyale, vinageuka kuwa kama betri: aluminiamu inaliwa polepole, na uchafu wake unakwenda kuziba upande wa shaba. Kwenye gari kulanti ina dawa ya kuzuia hilo, na hata hivyo dawa inazeeka. Fundi mmoja alitutolea rejeta ya hita ya gari la zamani, ya shaba halisi, akaigonga kwa kucha tusikie mlio. Ilikuwa nzuri, lakini imezibwa viraka na midomo yake ilikuwa ya saizi isiyolingana na kitu chochote chetu. Wale Wamarekani wa rejeta ya Pontiac wangeichukua bila kufikiri mara mbili.

Vifaa vyenyewe viliagizwa, vikaja kwa mizigo ya ndege inayolipiwa kwa kilo. Rejeta mbili za shaba, moja ya kukaa feni 3 za milimita 120 na nyingine ya feni 2. Wazoefu hukadiria wati 100 kwa kila nafasi ya feni moja ukitaka utulivu, kwa hiyo nafasi 5 kwa wati 460 zilimtosha, japo kwa joto la hapa hakuna aliyewahi kujuta kwa kuongeza. Pampu ilikuwa ya aina ya D5. Bloku ya prosesa si shida kupata. Bloku ya kadi ndiyo inayohitaji umakini, kwa sababu RTX 3080 si kadi moja: kila kampuni iliyoiunda ilipanga vijenzi vyake kivyake kwenye bodi, na bloku iliyochongwa kwa bodi moja haikai kwenye nyingine. Alihakiki namba ya kadi mara kadhaa kabla ya kulipa. Vyote kwa pamoja vilipita dola 500, fedha ambayo ingenunua kipozeo kizuri sana cha hewa (heatsinki) na chenji ikabaki. Nilimwambia hivyo. Alinijibu, "Najua anko," kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaamua.

Kimiminika chenyewe hakikuagizwa. Kinachohitajika ni maji yaliyochujwa kwa kugeuzwa mvuke, pamoja na matone ya dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Maji hayo yapo kwenye kila duka la spea, yakiitwa maji ya betri, na hapo ndipo pa kuwa macho. Jina hilohilo baadhi ya wauzaji hulitumia kwa asidi ya kujazia betri mpya. Chupa zinafanana, na zinakaa rafu moja. Soma lebo, na kama haina lebo iache hapohapo. Maji ya bomba nayo hayafai, hata yakichemshwa, maana chumvi inayobaki kwenye birika ndiyo hiyohiyo itakayobaki kwenye bloku. Ndani ya bloku ya prosesa kuna mapezi ya shaba yaliyopangwa kwa upenyo mdogo kuliko nusu milimita. Niliitazama kwa tochi nikaona mistari tu, kama uso wa sahani ya santuri ungekuwa wa shaba. Punje yoyote ikifika hapo haitoki.

Ndiyo maana kazi ya kwanza haikuwa na uhusiano wowote na kompyuta: ilikuwa ni kuosha rejeta. Rejeta mpya inatoka kiwandani na mabaki ya dawa ya kuchomelea ndani yake. Unajaza maji ya moto, unaziba kwa vidole, unatikisa, unamwaga. Mara ya kwanza yalitoka yamepauka na vijichembe vyeusi. Akarudia mpaka yakatoka meupe, kisha akasuuza kwa yale ya chupa.

Baada ya hapo akaifungua kadi, na humo ndani ya chumba hakuna aliyeongea. Kadi ya bei ile ikifunguliwa, waranti nyingi zinaishia hapo. Kuna skrubu ndogo nyuma, anazitoa na kuzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio uleule zilivyokuwa, kisha anaivuta heatsinki ya kiwandani taratibu, akiizungusha kidogo kushoto na kulia kwa sababu pesti ya kupitishia joto, iliyokauka, imeigandisha. Ikaachia kwa mlio mdogo. Chini yake chipu yenyewe inang'aa kama kioo, imezungukwa na chipu za kumbukumbu ambazo kila moja hufunikwa kwa kipande cha pedi laini. Unene wa pedi hizo ni sheria. Penye milimita 1 ukiweka 1.5, bloku inainuka na haigusi chipu kubwa sawasawa. Ukiweka nyembamba, kumbukumbu inaungua wakati chipu kubwa inaonekana ina afya. Alikata, akabandua karatasi za pande zote mbili, akapaka pesti mpya, akaikaza bloku kwa kukatisha pembe kwa pembe, kidogokidogo.

Siku ya kuunga mipira alipita jirani, mzee mmoja fundi bomba, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona hapo hujaweka tredi tepu?"

"Hizi hazitumii tepu mzee. Zina oringi zake."

Mzee alichukua fitingi moja akaigeuzageuza. Meno yake aliyatambua mara moja, kwa sababu ni yaleyale ya robo inchi ya Kiingereza anayoyajua kazini, ila hapa kinachozuia maji ni pete ya mpira iliyo shingoni, meno yanashikilia tu. Tepu ingeinua fitingi isikae, na nyuzi zake zingeingia ndani ya mapezi. Inakazwa kwa mkono, pengine na robo ya mzunguko juu yake. "Basi kazi ni nyepesi," akasema mzee, akavuta kiti. Kuanzia hapo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mradi, na kwa kweli nadhani alistahili. Kuchagua njia ya mpira isiyopinda kwa kasi, kuacha urefu wa kutosha ili pande mbili zisivutane, kuweka koki sehemu ya chini kuliko zote ili siku ya kumwaga usipindue kasha: hayo hayakutoka kwa mtu wa kompyuta.

Mipira yenyewe ni laini, kipenyo cha ndani milimita 10 na cha nje 16. Picha zinazovutia watu huwa na mabomba magumu ya plastiki, akriliki au PETG, yaliyokunjwa kwa hita, yamejaa maji ya rangi na taa nyuma yake. Yanapendeza, sikatai. Lakini PETG hulainika kwa joto, na wazoefu hawapendi maji yavuke nyuzi 60 ndani yake. Rangi nazo, hasa zile zenye mng'aro, huganda na kuziba. Kwa mtu anayejenga mara ya kwanza, katika mji wa joto, kwenye mashine inayomlisha, mpira laini mweusi unatosha. Mweusi una faida nyingine: mwanga haupiti, na pasipo mwanga mwani hauoti.

Alisumbuka pia juu ya mpangilio. Maji yaanzie kwenye prosesa au kwenye kadi? Rejeta ikae katikati? Mijadala ya jambo hili haiishi, ilhali hesabu yake ni fupi. Maji yakipita lita 4 kwa dakika, wati 460 zinayaongezea kama nyuzi 1.6 tu katika mzunguko mzima. Tofauti kati ya sehemu moto na sehemu baridi ya njia nzima haifiki nyuzi 2. Panga kadiri mipira inavyopenda kwenda. Sharti ni moja tu: tangi liwe kabla ya pampu na juu yake, kwa sababu pampu ya D5 hulainishwa na maji yenyewe, na ukiizungusha kavu unaiua.

Kujaza kunafanywa kompyuta ikiwa imezimwa kabisa. Waya zote za pawa saplai zinachomolewa kwenye madabodi na kadi, inabaki ya pampu peke yake. Kwenye plagi ile kubwa ya pini 24, ule mguu wa waya wa kijani unaunganishwa na wowote mweusi kwa kipande kifupi cha waya, ndipo saplai inadanganyika na kuwaka. Unajaza tangi, unawasha sekunde chache, maji yanamezwa, unazima kabla tangi halijakauka, unajaza tena. Chini ya kila kiungo kuna tishu nyeupe. Mapovu yanapiga kelele kama tumbo lenye njaa, unaliinamisha kasha huku na huku, yanapanda kwenye tangi na kutoweka. Halafu unaiacha pampu izunguke usiku kucha, hakuna kingine kinachowaka.

Asubuhi tishu moja, chini ya rejeta ya mbele, ilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Zingine kavu. Wakafungua koki, wakamwaga, wakaitoa fitingi ile, na oringi ikaonekana imebanwa upande mmoja, imetoka kwenye mfereji wake. Mzee aliisukuma kwa ukucha ikarudi mahali pake. Laiti madabodi ingekuwa na umeme, tone lile lingekuwa hasara. Maji yale yaliyogeuzwa mvuke hayapitishi umeme sana yakiwa mapya, lakini yakishagusa shaba na vumbi si yaleyale tena, na anayekuambia hayana madhara mwulize kama yuko tayari kuyamwaga juu ya kadi yake.

Basi, matokeo. Zamani kadi ilikuwa ikifika nyuzi 83 na prosesa ikigonga 90, ambacho ndicho kikomo chake, chumba kikiwa na nyuzi 32. Kwa kazi ileile, chumba kilekile, maji yalipanda polepole kwa kama dakika 20 yakatulia kwenye 43. Kadi ikakaa 57, prosesa 74. Muda wa kutoa video ulipungua kidogo tu, na mteja hataona tofauti. Kelele ndiyo iliyoondoka. Mpwa wangu alitoa hedifoni akasikiliza chumba, akasema alikuwa hajui kwamba feni ya dari ina mlio.

Lakini wati 460 hazijaenda popote. Zamani zilitoka na kelele, sasa zinatoka kimyakimya, na saa tisa alasiri chumba kilikuwa cha moto vilevile. Kikipanda nyuzi 2, maji nayo yanapanda nyuzi 2. Mzee fundi bomba ndiye aliyeuliza kwa nini kasha limegeuziwa ukuta. Wakaligeuza, rejeta ya juu ikapumulia dirishani, na feni ya kutolea hewa ya bei ya kawaida ikafungwa juu ya dirisha. Maji yakashuka hadi 39. Katika manunuzi yote, feni hiyo ndiyo iliyokuwa ya bei ndogo kuliko vyote.

Kila baada ya mwaka mmoja hivi maji yatamwagwa, bloku zifunguliwe na kusafishwa, dawa iwekwe upya. Vumbi la kwenye rejeta litahitaji kupulizwa mapema zaidi ya hapo, maana barabara ya mtaa wao ni ya vumbi. Na siku atakayobadilisha kadi, bloku ile ya bei haitakaa kwenye mpya. Ataiuza pamoja na ya zamani kama atampata anayeitaka. Mhariri mwenzake wa Sinza ameshakuja kuiona, akataka naye ajengewe. Mpwa wangu alimuuliza dirisha la chumba chake linatazama wapi. Hakuwa na dirisha. Akamwambia aanze na hilo.